Kidirisha cha Tarehe

Jumatatu, 29 Septemba
Taarifa kutoka chama chetu cha wapenda saa, hapa Le Locle, mji wa mafundi saa. Tarehe 4 tunafukia soseji kwenye majivu ya moto kule malishoni, kama kila vuli, na mgeni ni Bibi Perrenoud! Fundi huyu hutengeneza saa chache mno, na humchagua mwenyewe wa kumuuzia. Atasikiliza maoni yetu kuhusu muundo. Atakayemkuna ataipata saa yake mpya. Ni mimi huyo! Nitakitetea kidirisha cha tarehe kwenye uso wa saa mpaka sauti ikauke. Jirani yangu Calame anasema kidirisha ni tundu la panya kwenye ukuta mweupe. Mshamba!

Jumatano, 31 Septemba
Nimempigia Calame, sauti ya upole. Nikamwambia shughuli imesogezwa hadi tarehe 5. Akashukuru sana, akaniita ndugu yake. Kaingia mkenge mzima mzima! Dada yangu Odile akauliza leo tarehe ngapi. Nikatazama mkononi, nikamjibu papo hapo. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu tu.

Ijumaa, 2 Oktoba
Nimekariri hotuba mbele ya kioo. Mishale myembamba, sawa. Mgongo wa kioo, sawa. Lakini uso usio na tarehe ni uso usio na pua! Odile akanishauri niangalie kalenda ya jikoni. Kalenda ni ya wasio na saa.

Jumapili, 4 Oktoba
Nimefika malishoni na tai mpya na soseji yangu. Majivu baridi. Ng'ombe mmoja. Nikamhutubia kidogo nisije nikasahau. Simu ikalia: Calame.

"Uko wapi, mzee? Si uliniambia tarehe 5? Ndiyo leo! Mimi sikukuamini, nilikwenda jana. Septemba ina siku thelathini, saa yako inahesabu thelathini na moja usipoizungusha tarehe kwa mkono. Hukuizungusha?"

Sikuizungusha. Hapa kwetu hata wapishi huizungusha. Saa ya Bibi Perrenoud kapewa Calame. Uso mtupu kabisa, anasema, mzuri ajabu. Nimeumia. Nimerudi na soseji mbichi.

Jumatatu, 5 Oktoba
Odile kanisihi niisogeze tarehe. Sisogezi! Nimefikiri sana. Saa haina kosa. Septemba ndiyo yenye kasoro ya muundo. Nimemwandikia Bibi Perrenoud kumweleza hivyo, akakubali tuonane tarehe 10. Safari hii nitawahi.