Asali Niliyoirudisha kwa Sauti Kubwa

Leo nimeaibika mbele ya gulio zima. Na nimejiaibisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kusaidiwa na mtu.

Asubuhi nilikwenda gulioni hapa Same kununua maharage ya makande. Jumamosi tunapeleka posa ya kijana wangu Elinami kule Bombo, na mke wangu anataka wazee watakaotusindikiza washibe kwanza. (Sisi Wapare tukiingia kwenye mazungumzo ya mahari na njaa, tutamaliza kwa kesi.)

Nikampata mama mmoja wa milimani, mpole, kajifunga kitenge kipya. Simjui. Akanitazama sana, akainamisha macho, akatabasamu. (Nina mvi na kitambi. Kumbe bado nimo!) Akanipimia sado mbili, akanifungia mfuko mwenyewe. Nikalipa, nikaondoka nikitembea kwa maringo.

Nyumbani, mke wangu anamimina maharage, mara ikatoka chupa ya asali. Ya nyuki wadogo! Ile ghali!

"Hii umeinunua?"

"Hapana."

"Umepewa?"

"Na nani?"

Tukaitazama. Nilishaanza kuiona kwenye chai yangu. Nikajitetea kidogo: labda mama wa watu anazo nyingi, labda hatakumbuka, na jua lenyewe hili...

"Baba Elinami," mke wangu akanikata, "tutaendaje kuomba binti wa watu huku tumeficha asali ya watu? Rudisha."

Nikarudi. Hapo ningempa tu chupa yake nikaenda zangu. Lakini nilishajiona mwadilifu, na mwadilifu anahitaji mashahidi. Nikasimama katikati ya akina mama, nikainua chupa juu kama kombe.

"Mama! Chukua asali yako! Mimi sitaki kitu cha mtu!"

Gulio zima likageuka. Hata mbuzi waligeuka. Mama yule sado ikamponyoka, maharage yakatawanyika.

"Kumbe mmeghairi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tumeghairi nini?"

"Kama hammtaki Namkunda wangu, si mngemtuma mshenga? Ndiyo unirudishie zawadi hadharani hivi, Baba Elinami?"

Namkunda. Mchumba wa mwanangu. Na huyu ndiye mama yake!

Kumbe alinitambua kwa picha wanazotumiana watoto. Ila kwetu wakwe huoneana haya. Hawaanzi kupiga soga gulioni kabla posa haijapokelewa. Basi akanifichia zawadi yake kwenye maharage, kimya kimya, kwa heshima. Na zawadi ya mkwe ikirudishwa, maneno yamekwisha!

"Mkwe, nisamehe! Nilidhani umejisahau!" Nikapiga magoti papo hapo, juu ya maganda ya ndizi.

Bibi mmoja muuza ndizi akadakia: "Kama unaitaka, iombe. Kwa sauti ileile uliyoikatalia!"

"Shikamoo, bibi. Naomba..."

"Marahaba. Hatusikii!"

"NAOMBA ASALI YANGU!"

"Yako?" wakauliza akina mama wote kwa pamoja.

"YA MKWE! NAOMBA ASALI YA MKWE!"

Vigelegele! Mkwe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akanirudishia chupa, akaongeza ya pili. (Hiyo ya pili sikuihoji. Niliikumbatia, nikamwokotea maharage yake yote, nikatokomea.)

Sijafika nyumbani, simu ikaita. Elinami.

"Baba, Namkunda kanitumia video. Mbona umempigia magoti mama yake kabla mimi sijampigia yeye?"

Posa ipo palepale, Jumamosi, karibuni makande. Nanyi ndugu zangu, mkikuta kitu kisicho chenu kwenye mfuko, rudisheni. Ila nendeni mkanong'one.