Zulmira, Mwoka Mikate Asiyekuwapo

Jumatatu, 4 Mei

Daktari amesema moyo wangu ni pampu iliyochoka. Nikitulia nitaiona mioto ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana mwezi ujao. Baada ya hapo hakuahidi kitu. Miaka themanini na minne! Nilifundisha Kireno na Kilatini miaka thelathini na mmoja, na leo mpwa wangu Lindalva ananikatia nyama vipande vidogo.

Basi nikiri kabla sijaondoka. Nilimkosea mtu mmoja. Anaitwa Genesio Cordeiro. Kwa miaka kumi na minane tuliimba majibizano, mimi na yeye, viti viwili ukutani, viola mbili, magitaa ya nyuzi kumi kumi, tukitukanana kwa vina. Watu walikuja na punda kutoka mashamba ya mbali kunisikia nikimwita chura wa kisimani, naye akiniita kengele iliyopasuka. Tukimaliza tulirudi njia moja, tukigawana kipande cha sukari guru. Ah! Hakuna raha kama kutukanwa na mtu anayekupenda.

Hatujasemezana tangu 1981. Anakaa mitaa miwili kutoka hapa.

Niende kumwomba radhi? Mimi? Nilikuwa mwalimu. Ipo njia bora.

Jumanne, 5 Mei

Mpango umekamilika. Genesio siku hizi anashinda kwenye ukurasa wa mji wetu mtandaoni, anaweka beti zake na hakuna anayemjibu. Nimefungua akaunti ya mwanamke. Zulmira da Luz, miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa hapa, anaoka mikate São Paulo. Picha: keki.

Zulmira atamtukana Genesio. Kisha mimi, kwa jina langu halisi, nitasimama kumtetea. Atalia machozi. Atakuja mlangoni. Ataniomba radhi kwa kuninunia miaka yote hii. Nitamsamehe. Safi kabisa!

Lindalva kauliza naandika nini kwenye simu. Nikasema wosia. Akauliza wosia gani unaochekesha hivyo.

Alhamisi, 7 Mei

Zulmira kafyatua:

*Genesio koo lako, ni mlango wenye kutu;*
*uimbapo huko kwako, huhama mbuzi na watu.*

Watu arobaini wamecheka kabla ya chai. Mimi nilikuwa nimeandaa utetezi wa beti sita, wenye maneno mawili ya Kilatini. Natafuta miwani, nageuka, Genesio kashajibu mwenyewe!

*Bora mlango wa kutu, kuliko tanuri lako;*
*mkate wako jiwe tu, kajengee nyumba yako.*

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Ni yuleyule. Hajatunga hivi tangu enzi tulipoimba kwenye masoko ya Jumamosi. Zulmira akamjibu papo hapo, naye akamjibu Zulmira, mpaka simu ikaisha chaji.

Utetezi wangu niliuweka baadaye. Wamesoma watatu. Mmoja kauliza huyu mzee ni nani na kwa nini anakatiza.

Jumamosi, 9 Mei

Mji mzima umegawanyika. Lindalva karudi sokoni na habari: muuza nyama yuko upande wa Zulmira, wauza kuskus ya mahindi wote wako na Genesio, na beti zinasomwa kwa sauti kati ya vitunguu na majogoo. "Mjomba, huyo mwanamke ana ulimi wa wembe!" kasema. "Wewe hukuwahi kuwa mkali namna hiyo."

Nikainamia chai yangu. Ilibidi.

Nakiri: namwonea wivu mwoka mikate ambaye hayupo. Mchana nikamrushia Genesio tusi kwa jina langu mwenyewe, angalau anitazame. Kimya. Ila watu wakaanza kumchochea Zulmira aniadhibu kwa kuingilia yasiyonihusu. Ikabidi aniadhibu. Alisema mimi ni kamusi iliyoliwa na mchwa. Ubeti mzuri sana. Uliniuma hadi nikaomba maji.

Jumapili, 10 Mei

Genesio kamwandikia Zulmira faraghani. Ujumbe mrefu. Nimeusoma mara nne.

Anamwomba asikasirike. Kasema kazi yetu ina desturi: kinachosemwa nyuzi zikilia, hakifuatani na mtu nyumbani. Mama yako, pua yako, kijiji chako, vyote halali. Nyuzi zikinyamaza, mchezo umekwisha. Neno litakalosemwa hapo ni la mtu mwenyewe.

Kisha kamweleza habari za mwenzake wa zamani. Siku ya mwisho waliyoimba, barazani kwa tajiri mmoja wa ng'ombe, Genesio alikuwa ameshinda. Alikuwa ameshafunika nyuzi kwa kiganja. Watu wanapiga makofi. Ndipo mwenzake akasema mbele ya wote kwamba bingwa wao alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba hadi miaka thelathini, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kusoma kwa siri, darasani, wanafunzi wakishaondoka.

"Angesema nyuzi zinalia, ningemjibu na tungecheka," kaandika. "Zilikuwa zimenyamaza, dada. Alimaanisha."

Ni kweli. Nilimaanisha. Nilishindwa na mtu aliyejifunza alfabeti kwangu, na nikaona uchungu. Alikuwa akija na daftari limefichwa ndani ya kofia. Aliniomba jambo moja tu: nisiseme. Siku aliposoma jina lake ubaoni, alilifuta kwa mkono na kuniomba niliandike tena, ili alisome tena.

Zulmira kamjibu kwamba mwenzake huyo ni punda. Miaka mingi sijaandika neno la kweli kama hilo. Sijui lilikuwa la nani, lake au langu.

Jumanne, 12 Mei

Ukurasa mpya wa mpango. Zulmira kamshauri Genesio aende kumwona yule punda, kwa kuwa punda wa umri huo hawakawii kufa. Kamwambia apite Alhamisi, saa tisa, kahawa itakuwepo.

Nimegundua baadaye kwamba mwoka mikate wa São Paulo hawezi kujua ratiba ya kahawa yangu. Basi. Ujumbe umeshakwenda.

Alhamisi, 14 Mei

Kaja! Saa tisa kamili. Miaka themanini na sita, viola mgongoni, kofia. Lindalva nusura amwage birika.

Kaketi. Neno la kwanza: nimsalimie Zulmira.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Kauliza, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja kajifunzia wapi kudaka kina cha mwisho cha mpinzani na kufungulia nacho ubeti wake? Vijana hawafanyi hivyo. Katika mji huu wamebaki wawili wanaofanya hivyo, na mmoja ni yeye. Sikulifikiria! Mkono hufanya wenyewe, kama kufanya ishara ya msalaba ukipita kanisani.

Tukaimba. Vidole vimekauka, sauti zimetoboka. Kaniita maiti iliyosahau kulala. Nikamwita kofia inayotembea na mzee chini yake. Lindalva kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kwa robo saa sikuwa na moyo mbovu. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na vumbi la njia miguuni.

Katikati nikachomeka ombi langu la radhi. Ubeti mzima, wenye vina safi. Genesio kacheka. Kafunika nyuzi zake kwa kiganja. Kisha kainama, kiganja cha pili akakiweka juu ya nyuzi zangu.

"Haya, Mwalimu," kasema. "Sema sasa."

Nikafungua kinywa. Nikaisikia friji. Nikamsikia mbwa wa jirani. Nikamuuliza Lindalva kama kuskus imebaki.

Genesio kainuka polepole. Kasema atakuja kila Alhamisi mpaka niseme, na kwamba mwenye haraka si yeye.

Ijumaa, 15 Mei

Lindalva kaninunia tangu alfajiri. "Neno moja, mjomba! Moja! Umemfundisha mtu alfabeti nzima, unashindwa na neno moja?" Kaniita nyumbu, kisha kasema amemvunjia nyumbu heshima.

Nimejaribu mbele ya kioo. Nisamehe. Linatoka bila shida, mara tatu, bila nyuzi, bila kina. Na nilimaanisha, kioo ni shahidi. Niko tayari Alhamisi ijayo.

Halafu nikatazama kalenda ya jikoni. Kabla ya mioto ya Mtakatifu Yohana kuna Alhamisi tano. Nikilisema neno ile ya kwanza, zile nne atakuja kufanya nini? Mzee wa miaka themanini na sita habebi viola mitaa miwili kwa ajili ya kuskus.

Kwa hiyo: mpango. Nitalisema ile ya tano, tarehe 18 Juni, saa tisa. Moyo utasubiri; nimeuambia. Na kila Jumatano Zulmira atamtupia ubeti mmoja wa kumchokoza. Najua kwamba anajua. Atakasirika vilevile.

Genesio akija na hasira, hukaa mpaka chakula cha jioni.