Bwana Mdogo, Kama Kawaida

Jumapili, 16 Machi

Msiba. Fundi Kuramoto anafunga mgahawa. Ametangaza leo mchana huku akimkatia Bibi kibua, kwa sauti ya mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Ana miaka sabini na sita, bega la kulia limegoma, tarehe thelathini ndiyo mwisho. Bibi aliweka vijiti chini. Mama akasema jamani, Fundi. Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu.

Ni mgahawa wa sushi wenye viti saba. Tunaenda tangu turudi Japani, hapa Numazu, nikiwa na miaka kumi. Siku ya kwanza kabisa niliuma tonge la wali na jodari mbichi lenye wasabi, ile ya kijani inayopanda puani, nikalia mbele za watu. Kwa sauti. Mama akamwomba Fundi asiniwekee. Tangu hapo, kila tukikaa, Fundi hunitazama juu ya kioo cha samaki na kusema: kwa bwana mdogo, kama kawaida.

Nina miaka kumi na sita!

Sayo, dada yangu, ana kumi na miwili. Wasabi aliidai mwenyewe akiwa na minane, kwa kupiga kaunta. Leo amekula tonge la ngisi, akajipepea pua, akafuta machozi, kisha akaniuliza kama langu limewekewa maziwa.

Wasabi hukaa kati ya samaki na wali, huioni. Na kile kioo kinaficha mikono ya Fundi. Lakini pua haidanganyiki. Tonge langu la changu lilikuwa laini, tamu, na mwishoni kabisa harufu kidogo kama ya majani yaliyokatwa asubuhi. Samaki wa leo leo, bila shaka. Hakuna kilichopanda popote.

Nimeapa. Kabla ya tarehe thelathini nitakula tonge moja lenye wasabi kutoka mikononi mwa Fundi Kuramoto. La sivyo nitabaki kichwani mwake mtoto anayelia, mpaka mmoja wetu afe.

Kumwomba waziwazi haiwezekani. Watu wangegeuka.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu za kiusalama. Tulikaa Dodoma miaka minne, Baba akijenga barabara, na nilisoma huko mpaka darasa la nne. Sayo aliondoka hajui kusoma hata jina lake. Ameshafungua daftari hili mara mbili. Nilimkuta amelishika kichwa chini miguu juu.

Kwa hiyo hapa naweza kusema. Niliporudi nilimwamkia kila mtu kwenye korido za shule, wakubwa kwa wadogo, na kuwauliza habari za nyumbani. Kwa mwaka mzima niliitwa Balozi. Tangu hapo nasema kidogo.

Leo nimepata kitabu maktaba: maneno ya siri ya mafundi wa sushi. Tangawizi ya siki wanaiita "gari". Nimecheka mpaka mwenye maktaba akaja. Katika mji huu wote, ukitoa nyumba yetu, hakuna hata mtu mmoja wa kumweleza kwa nini.

Na wasabi? Wasabi wanaiita "machozi".

Nimepata! Neno moja tu, kwa sauti ya chini, kama mzoefu. Wengine hawataelewa. Fundi ataelewa. Ataweka kisu chini na kuniona upya.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi. Siwezi kuomba wasabi kisha nikalia tena. Tyubu ya dukani ipo kwenye friji. Kijiko kidogo juu ya mkate.

Sikujua masikio nayo yanaweza kuwasha.

Bibi alinikuta nimeshika sinki kwa mikono miwili, kamasi zinatiririka. Akauliza kama ni matokeo ya mtihani. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa sauti ilikuwa haipo. Amemwambia Mama. Mama amempigia Baba kazini. Baba amerudi mapema, ameniambia kwamba hata yeye hisabati ilimsumbua, na kunipiga bega. Nilipata themanini na nane. Sasa siwezi kuwaonyesha.

Ijumaa, 21 Machi

Nusu kijiko, asubuhi na jioni. Maendeleo: nalia jicho moja tu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda peke yangu. Mara ya kwanza maishani. Nilipita mlangoni mara kumi na moja kwanza. Mara ya kumi na mbili Mama Kuramoto, mke wa Fundi, akatoka na ufagio akauliza kama nimepoteza kitu. Ikabidi niingie.

Kosa langu: kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimelamba dozi ya mwisho ya tyubu, ili kujipa moyo. Macho yalikuwa bado mekundu.

Ndani alikuwepo Bwana Hatta, dobi wa karibu na stesheni, mtu ambaye hufua nguo na habari pamoja. Nikakaa. Fundi akasema karibu, bwana mdogo, leo umewaacha wapi wenzako. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Machozi."

Sauti ilinikatika katikati ya neno.

Kisu cha Fundi kikasimama. Akainama juu ya kioo na kuuliza polepole nani ameniliza. Bwana Hatta akageuka na kiti chake chote. Nikasema tena, machozi, tafadhali, na sasa yakaanza kutoka ya kweli, kwa aibu. Bwana Hatta akasema aa, hapo kuna msichana, hiyo sura anaijua, yeye mwenyewe aliachwa kwenye jukwaa namba mbili la stesheni na hadi leo hapandi treni za upande ule. Mama Kuramoto akanipa taulo la moto. Fundi akasema kwa moyo uliovunjika wataalamu wanashauri yai.

Yai! Kimanda kitamu cha watoto! Vipande vinne!

Baadaye akaniwekea jodari, kibua na kamba. Kila tonge tamu kuliko lililopita. Hakuna lililowasha. Ile harufu ya majani tu. Nilikula nikiwa nimeinama. Nilipotoka Bwana Hatta alinyanyua kikombe chake cha chai kama mtu anayeaga jeshi.

Jumapili, 23 Machi

Habari zimefika nyumbani zikiwa zimepigwa pasi. Mama aligonga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema siyo lazima nimtaje jina. Nimeshindwa kumtaja kwa kuwa hayupo. Ameelewa vibaya zaidi.

Sayo ameuliza mezani: ili mtu aachwe, si lazima kwanza apendwe? Bibi akamwambia anyamaze, kaka yake ana kidonda. Sayo akasema basi apakwe wasabi. Kisha akakumbuka: ah, hawezi.

Jumatano, 26 Machi

Mpango wa pili, na huu hauna maneno. Jumapili tumeshika viti vitano, familia nzima. Fundi hutazama mikono ya wateja kuliko nyuso. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na yeye huniwekea tonge likiwa limelalia upande wa kushoto, tayari kuchukuliwa. Hajawahi kukosea hata mara moja. Kwa hiyo: nikikaa kiti cha Sayo na kula kwa mkono wa kulia, tonge la Sayo litakuja kwangu. Pamoja na wasabi yake.

Nimemwomba Sayo tubadilishane viti. Amedai kiti cha mbele kwenye gari kwa mwaka mzima, na mimi nisugue bafu hadi Juni. Nikakubali. Akaniuliza ninataka kiti chake kwa ajili gani hasa. Nikasema mwanga. Akasema tonge lake yeye anakula yeye, nisije nikathubutu kuligusa. Ukali wake ulinishangaza. Nimemwambia sawa. Nimemdanganya.

Ijumaa, 28 Machi

Mazoezi ya mkono wa kulia. Nimeshika vifutio arobaini. Vilivyofika mdomoni: tisa.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa sita mchana, viti vyote saba vimejaa: sisi watano, Bwana Hatta na mkewe. Nimekaa kwa Sayo, Sayo kwangu. Fundi akatazama mstari mzima, akaanza kukata. Mkono wangu wa kushoto niliukalia.

Tonge la kwanza, jodari. Nikalinyanyua kwa mkono wa kulia. Likatembea vizuri hadi usawa wa kidevu. Kisha likageuka, likaruka, likatua ndani ya chai ya Bibi.

Bibi alitazama kikombe. Akasema ameishi miaka themanini na hajawahi kuona samaki akirudi majini akiwa amekatwa.

Fundi akaniuliza mkono wa kushoto umepatwa na nini, bwana mdogo. Watu wote wakageuka. Hii ndiyo hali niliyokuwa naikimbia kwa wiki mbili. Nikafungua mdomo niseme wasabi. Nikasema, "Chai."

Mama Kuramoto akaniletea chai.

Hapo Bibi akachoka. Akamwambia Fundi: mjukuu wangu huyu anamaliza tyubu za wasabi kwenye friji usiku na mchana, anadhani hatuoni, basi leo siku ya mwisho mwekee, ajaribu kama mwanamume.

Fundi alicheka hadi akashika lile bega. Akasema kujaribu nini tena? Ananiwekea tangu nilipoingia sekondari. Karibu miaka minne. Alianza na kiasi cha jicho la sisimizi, akaongeza kila msimu, akisubiri siku nitakayosema kitu, nami sikusema kitu. Kwa mwaka mmoja sasa ninakula sawa na Bwana Hatta. "Si ndiyo maana nasema kama kawaida," akasema. "Mteja wa kawaida."

Akanionyesha mzizi wenyewe, wa milima ya Izu, na kibao cha ngozi ya papa anachousagia. Akanipa kidogo kwenye ncha ya kidole. Nikaonja. Ilikuwa ile harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi. Na ile ya tyubu? Akasema hiyo ni figili iliyopakwa rangi, angenionya kama ningemuuliza.

Bwana Hatta akapiga makofi. Nikainama kumshukuru Fundi, nikagonga kioo cha samaki kwa paji la uso. Akanitengenezea tonge jipya la jodari, limelalia kushoto. Nikalila kwa mkono wangu. Sitaandika lilikuwaje.

Mlangoni Mama Kuramoto alinivuta pembeni. Akaninong'oneza nisimwambie mtu, lakini dada yangu hawajawahi kumwekea hata punje. Siku alipopiga kaunta, Fundi alimwona mdogo mno, akajifanya anaweka. Mtoto akajipepea. Basi wakaliacha hivyo.

Ndani ya gari Sayo alikaa kiti cha mbele. Alisema la leo lilikuwa kali kuliko yote, pua bado inamuuma. Nikasema naona. Akageuka kutazama dirishani, na nyuma yetu Fundi alikuwa anakunja pazia la mlango kwa mkono mmoja, mkewe ameshika upande wa pili.

Jumatatu, 31 Machi

Nimesugua bafu. Mkataba ni mkataba.

Nimewaza sana kuhusu jana. Miaka sita ya kimya, wiki mbili za tyubu, sifa ya kuachwa na mtu asiyekuwepo, wakati swali moja lingetosha. Funzo liko wazi kabisa.

Mchana nimekwenda kunyolewa. Kinyozi bado ananiwekea ubao wa watoto juu ya kiti, na magoti yangu yanagusa kioo. Mwisho hunipa peremende ya ndizi. Ningeweza kumwambia.

Lakini nimegundua kwamba ubao una skrubu nne tu, na kwamba kila Alhamisi saa nane anatoka kwenda posta.