Kona za Kulia Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, mchezo wa magari katika mji huu ungekuwa bado ni watu wanaoegesha vibaya. Naliandika hili mapema, maana watu wana tabia ya kusahau wakubwa wao wakiwa bado hai.

Leo klabu yetu ya mbio za magari kati ya koni za barabarani imenipa kazi ya kuchora njia ya mashindano ya Jumapili. Mwenyekiti, mama mwenye duka la dawa, huongea kama anakusomea karatasi ya kidonge. Alisema haya ni majaribio. Wakiipenda njia yangu, nitakuwa mchora njia msimu mzima. Wasipoipenda, kazi inarudi kwa shemeji yangu, fundi matairi, na mimi nitaokota koni zinazoangushwa mpaka Desemba.

Kuokota koni. Mimi, niliyeshusha lori la saruji mlimani kinyumenyume, breki zimekufa, huku namenya chungwa.

Mke wangu aliuliza kama ni lile lori ambalo mwaka jana lilikuwa pikipiki. Shemeji ni kaka yake, damu inamvuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora njia nyuma ya boksi la vigae, kazini. (Mimi ni mtunza stoo. Kwa sasa.)

Kwa faida ya vizazi: uwanjani huingia gari moja moja, linapita katikati ya koni, saa inahesabu. Ukigonga koni, unaongezewa sekunde mbili. Ukipotea njia, muda wako unafutwa. Penye kuchanganya, koni moja hulazwa chini, ncha yake ikionyesha pa kupita.

Sasa siri. Gari langu likikata kulia ni siagi. Kushoto linasita, kasoro ya usukani ya tangu kiwandani. Basi njia yangu ina kona kumi na moja, zote za kulia. Dereva anaanzia katikati ya uwanja, anazunguka, anazidi kutanuka, kama anatoka ndani ya konokono. Na hakuna koni hata moja iliyolazwa. Koni mia na kumi zimesimama wima kama watu wanaosubiri hotuba. Wengine watapotea. Mimi nimeikariri yote kichwani, ambako nafasi ipo ya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaja eti kumsalimia dada yake. Mpelelezi. Aliomba kuona mchoro, nikaukalia. Akauliza nimelaza koni ngapi. Nikamwambia watu wenye akili hawahitaji kuonyeshwa njia kwa kidole. Akauliza mwisho wa njia unatazama wapi. Nikamwambia unatazama mabenchi ya watazamaji, ili wauone uso wangu vizuri ninapomaliza.

Chai ilimtokea puani. Alipopumua akasema haya, shemeji, wewe ndiye bingwa, kwa ile sauti ya mtu anayembembeleza mbuzi apande gari. Wivu ni ugonjwa, na mwenyekiti hauzi dawa yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanga koni mwenyewe, nikipima kwa hatua. Hatua zangu ni ndefu kuliko mita, mita imewekwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Kisha nikafanya mazoezi kwa miguu, mikono imeshika usukani wa hewani, mdomo ukitoa mlio wa injini. Kona zote kumi na moja, bila kosa. Mlinzi wa uwanja alinisogelea taratibu, akauliza kama kuna ndugu yangu yeyote ambaye angependa kupigiwa simu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa uchungu na kwa ufupi.

Asubuhi alikuja mkaguzi wa usalama, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Aliitembea njia yangu mpaka mwisho. Akayatazama mabenchi. Akanitazama mimi. Akarudisha macho kwenye mabenchi. Akauliza kama hawa watu wameambiwa kwamba magari yatamalizia mapajani mwao.

Nikamweleza kuhusu uso wangu. Akasema ameshabeba nyuso nyingi, hana nafasi ya nyingine. Halafu akanyoosha kidole kimoja, akakizungusha hewani. Njia igeuzwe. Mwisho uwe mwanzo, mwanzo uwe mwisho, magari yamalizie katikati ya uwanja yakiwa yamepungua mwendo.

Kidole kimoja, na kona zangu kumi na moja zikawa za kushoto.

Mwenyekiti alitangaza nusu saa ya kuitembea upya kwa miguu. Madereva wote waliingia, shemeji aliizunguka mara tatu, mke wangu nyuma yake akihesabu koni kwa sauti. Mimi nilibaki kivulini. Baba hatambulishwi kwa mtoto wake.

Raundi ya kwanza: kona ya tatu ilikuwa imehamishwa na mtu. Sina ushahidi. Nilipita hapa, nikapita pale, nikatokea mbele ya meza ya mtunza saa. Nilishusha kioo, nikamuuliza kwa heshima njia ya kwenda kona ya nne. Akasema kanuni hazimruhusu kumsaidia dereva, hasa yule aliyechora njia yenyewe.

Raundi ya pili kanuni zinaruhusu abiria. Mke wangu alipanda bila kuombwa, akafunga mkanda kama mtu anayefunga mzigo. Akasema kushoto. Nikakata. Akasema kushoto, baba watoto, ule mwingine. Nikakata tena. Akasema Mungu wangu. Hapo nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye rundo la matairi ya pembeni. Koni kumi na tisa. Moja ilitolewa chini ya gari na watu wawili.

Shemeji kashinda kwa muda wa sekunde arobaini na moja, kigari chake kinalia kama cherehani.

Kichekesho ni kwamba njia waliipenda. Walipiga makofi. Kijana wa benki alisema hajawahi kuendesha njia tamu kama ile. Nikasimama, nikainamisha kichwa kidogo kuzipokea sifa. Mwenyekiti akanigusa bega, akasema wamependa njia ya mkaguzi, maana yangu hakuna aliyeiendesha. Kazi ya kuchora imerudi kwa shemeji. Akaniuliza nina viatu vya kukimbilia, au klabu initafutie.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji alikuja jioni kuukagua usukani, bure, kwa huruma yake inayonuka mpira. Aliuzungusha kulia, akauzungusha kushoto, kwa kidole kimoja. Akasema shemeji, usukani huu ni mzima kuliko mimi na wewe. Nikamwambia gari hujifanya zima mbele ya fundi, kama mtoto mbele ya daktari. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alijifunika mdomo kwa kanga, akarudi ndani.

Hawanijui. Nimeshachora njia mpya, nitaitumbukiza kwenye makaratasi ya shemeji wakati wa kuokota koni. Safari hii kona kumi na tano, zote za kushoto, na mwisho unaelekea mabenchini vilevile. Mkaguzi atakuja na kidole chake, ataigeuza, na zote zitakuwa za kulia. Sijui kwa nini sikulifikiria hili mapema, labda akili ikizidi huchelewa.

Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme tu. Usukani ni mzima. Kushoto huwa nakujua kwa mkono wenye saa, tangu shuleni, na Jumapili niliivua isije ikakwaruzika wakati wa kupokea kombe. Mpaka leo sijaivaa tena. Sikumbuki ilikuwa mkono upi, na kumuuliza mke wangu siwezi.