Kufuli Ampeleka Mkewe Japani

Jumatatu asubuhi Kufuli alikuja kijiweni akijikongoja, akajibwaga kwenye benchi bila hata kufungua kibanda chake. Yeye ndiye fundi funguo wa mtaa wetu. Mimi ni kinyozi, mlango wa pili kutoka kwake, na kabla wateja hawajaamka huwa tunakaa hapo kwa Mama Kahawa pamoja na wenzetu wawili. Mmoja ni Rubani, dereva mstaafu wa malori ambaye hajapanda ndege hata siku moja. Mwingine ni Hakimu, muuza mabomba na koki, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna ubishi anaoweza kuuacha upite bila kuutolea hukumu.

"Mbona umechoka hivyo?" nikamuuliza Kufuli.

"Uchovu wa safari. Jana nilikuwa Japani."

Rubani akashusha kikombe chake. "Ulikwenda saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Ukarudi lini?"

"Mchana nikala kwangu."

"Huyo amelala njaa, akaota," Mama Kahawa akasema, huku akipuliza mkaa.

Kufuli hakuudhika. Alitoa simu akatuonyesha barabara nyembamba iliyopangwa nyumba za mbao, na mwisho wake hekalu refu lenye paa juu ya paa. Binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, alikuja mwishoni mwa wiki na zawadi kwa wazazi wake: ziara ya mtandaoni katika mji mmoja wa kale huko Japani, mji uliojaa mahekalu kila kona. Mwongozaji anatembea na kamera, ninyi mmekaa kwenye kochi mnamwona na kumsikia papo hapo, na ukiwa na swali anasimama anakujibu. Binti aliunganisha kwenye runinga, akawa mkalimani.

"Na hapo," Kufuli akasema, akijinyoosha mgongo, "nikawa nimetimiza ahadi yangu."

Ahadi hiyo tulikuwa tunaijua sote, maana tumemcheka nayo miaka. Enzi za uchumba, mkewe alikata picha ya hekalu la Kijapani kwenye kalenda kuukuu akaibandika juu ya kitanda chake. Kufuli, ambaye siku hizo alikuwa na maneno mengi na nywele nyingi, akamwambia: ukikubali nikuoe, pale nitakupeleka. Shemeji akakubali. Wamehama nyumba mara kadhaa, makochi yamebadilika, watoto wamekua, na ile picha inahamishwa nao ukuta hadi ukuta.

"Subiri kwanza," Rubani akasema. "Umemkalisha mama wa watu kwenye kochi lake mwenyewe, halafu unasema umemsafirisha?"

"Safari ni nini? Si kuona mahali? Tumeona. Si kusikia? Tumesikia. Kuna sakafu moja ukiikanyaga inalia kama ndege. Waliitengeneza hivyo ili mwizi asinyate."

"Hukuikanyaga wewe, kaikanyaga mwongozaji."

"Lakini iliponilia mimi niligutuka."

"Hata mimi nikiangalia mpira nagutuka, sijawahi kulipwa mshahara wa mchezaji."

Tulicheka. Kufuli akaendelea kwa subira ya mtu aliyetembea dunia. Alitueleza kuhusu bustani isiyo na ua hata moja. Mawe makubwa machache, na kokoto nyeupe zilizochanwa kwa reki zikatoa mistari kama mawimbi. Watu wanakaa barazani wanaitazama tu, kimya.

"Wanatazama kokoto?" Hakimu akauliza.

"Kokoto. Na mke wangu akazitazama hadi macho yakamlenga machozi. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia, 'Niache, nimefika.'"

Rubani akainua tena kikombe chake.

"Alisema nimefika," Kufuli akarudia, sauti ikipanda. "Nyie ni nani kumbishia? Kabla ya kuingia hekaluni mwongozaji alivua viatu, na mke wangu akavua vyake pale sebuleni, akanilazimisha na mimi nivue. Soksi yangu ina tundu. Nimeaibika mbele ya Wajapani kabisa."

"Wajapani walikuona?"

"Kamera yetu ilikuwa imewashwa."

"Hapo kweli umesafiri," nikasema. "Aibu ya ugenini haina mfano wake."

Kufuli akageukia upande wa pili wa benchi. "Hakimu, toa hukumu. Nimempeleka mke wangu Japani, au sikumpeleka?"

Hakimu alikohoa, akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali. Jambo hilo alilitendea haki. Alimuuliza Kufuli kama mwongozaji aliwakaribisha kwa majina, akajibiwa ndiyo. Akauliza kama aliwaaga. Ndiyo, aliinama kabisa, na shemeji naye akainama. Akauliza kama shemeji mwenyewe alizungumza na watu wa huko.

"Aliuliza swali moja," Kufuli akasema. "Unajua yeye ni mpishi wa shule. Kwenye jiko la hekalu akaona masufuria makubwa kama yake. Akauliza watawa wanapikiwa na nani. Akajibiwa kwamba hawapikiwi, wanapika wenyewe kwa kupokezana. Yule anayesali ndiye huyo huyo anayekata mboga. Kwao kupika ni ibada."

"Mkeo akasemaje?"

"Alinitazama tu."

Mama Kahawa akaacha kupuliza mkaa. Mimi mwenye mke niliona hatari pale, lakini Hakimu alishapanda kitini.

"Mahakama imeridhika," akasema. "Aliyekaribishwa, akaona, akauliza, akajibiwa na akaagwa, huyo amesafiri. Mama huyu amefika Japani. Ahadi imetimizwa. Rubani, funga mdomo."

Kufuli akamshika mkono kwa nguvu. Akaomba tumuunge mkono wote, tukamuunga, hata Rubani shingo upande. Akaagiza kahawa ya benchi zima.

Kahawa haijamiminwa, shemeji akatokea kwenye kona ya duka la vitabu. Shule zilikuwa zimefungwa wiki hiyo. Alivaa gauni lake la harusi za watu, mkononi ana begi la safari. Alitusalimia mmoja mmoja, taratibu, akaweka begi chini.

"Nimesikia sauti zenu tangu kule kwenye kona," akasema. "Shemeji Hakimu, eti umeamua nini?"

Hakimu hakuona mtego. "Kwamba umesafiri, shemeji. Hilo halina ubishi tena."

"Na nyinyi wote mmekubali?"

Tukaitikia.

"Nashukuru. Maana jana nilirudi mapema mno. Nimeingia tu Japani, sijakaa hata kitako, nasikia naulizwa chakula kiko wapi. Nikainuka, nikaenda jikoni. Nimefikiri usiku kucha. Mtu haendi mbali vile halafu akarudi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo bado niko huko hadi wiki iishe. Nitakuwa kwa dada yangu."

Kufuli akasimama. "Mama, tunaongea mzaha tu hapa."

"Jana ulikuwa mzaha?"

Alimwuliza bila ukali, akimtazama usoni. Nilimwona Kufuli akitafuta pa kuweka mikono.

"Haukuwa mzaha," akasema mwishowe. "Nilifurahi kukuona vile. Siku nyingi sijakuona vile."

"Basi niache nikae huko kidogo."

"Na mimi nitakula nini?"

"Si tulikwenda wote? Ulimsikia yule mwongozaji. Wanapokezana." Akamtengeneza kola ya shati. "Mimi nimeshika zamu tangu unioe."

Kufuli akatutazama. Hakimu akajifanya anasoma maandishi kwenye boksi la koki. Rubani alikuwa anatabasamu kama aliyeongezewa pensheni. Basi Kufuli akainama, akachukua begi, wakaondoka pamoja kuelekea kituoni, yeye nyuma na mzigo, shemeji mbele akitembea kama mtalii, anaangalia juu kwenye roshani za nyumba ambazo amezipita maisha yake yote.

Kufuli alirudi mikono mitupu. Akakaa, akanywa kahawa iliyopoa, akatuinamia kwa sauti ndogo.

"Jamani, wali unaanza maji au unaanza mchele?"

"Mchele," Hakimu akahukumu.

"Maji," akasema Rubani.

Mimi nikakumbuka kuna mteja ananisubiri.

Mama Kahawa alikusanya vikombe vyetu kimoja kimoja, hata vile vyenye kahawa, akaumwagia moto maji. "Leo nafunga mapema," akasema. "Naenda kumwambia mume wangu kwamba na mimi naondoka kesho. Sijachagua nchi bado."