Ombi la Fedha za Kutuwezesha Kushindwa

Idara ya Michezo na Riadha,
Chumba cha Nyuma ya Jiko la Wanafunzi.

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Fedha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kiti chako kipya kimekwisha kuuzoea mgongo wako. Sisi huku idarani hatujambo, ila tunashinda. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka ulituita, ukatueleza kwa upole kuwa hali ni ngumu na fungu la riadha litatosha safari moja tu, kwenda mashindano ya kwanza na kurudi. Nilikubali bila kinyongo. Chuo chetu kina historia ndefu ya kutolewa mapema. Tulikuwa tunafika, tunapiga picha, tunatolewa, na jioni kila mtu yuko kwao anakula. Bajeti yako ilikuwa imetukaa kama nguo ya kupimiwa. Kilichotokea baadaye ndicho ninacholalamikia, kama ifuatavyo:

1. Kuna binti wa mwaka wa pili anayesomea ukutubi, wenzake wanamwita Kibiriti. Alikimbia mita mia nane akawa wa kwanza. Kwa kanuni, watatu wa mwanzo huendelea na raundi ya pili, tena katika mji mwingine. Watu walirukaruka kwa furaha. Mimi nilikaa chini nikashika tama. Gari la chuo lilikuwa limewapeleka wakubwa kwenye semina ya kubana matumizi, kwa hiyo ilibidi nimpigie magoti shemeji yangu anayeuza magodoro, naye akatupakia kwenye lori lake juu ya mzigo. Timu ililala fofofo njia nzima, ikafika imepumzika kuliko timu zilizokuja kwa mabasi ya kifahari. Binti akashinda tena.

2. Nilimwita ofisini. Nilimweleza kama mzazi kwamba nafasi ya nne ni nafasi ya heshima: mtu anapigiwa makofi na bado anawahi kurudi nyumbani. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani wa nne anakimbiaje? Mimi sijazoea kutazama migongo ya watu." Hata hivyo aliahidi kujaribu, na kwa kweli alijaribu. Mbio zilizofuata alipunguza mwendo mpaka nikaona haya. Wenzake walipoona amepunguza, wakadhani ana hila, nao wakapunguza. Wasichana wanane wenye afya zao wakawa wanakwenda kama watu waliotoka kununua vitunguu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, akasahau ahadi, akawaacha wote na kututia fainali. Nilimfuata nikiwa na karipio kamili mdomoni, nikamkuta amekaa kwenye nyasi analia. "Nisamehe, mwalimu," akasema, "miguu ndiyo iliyokataa." Nikajikuta nambembeleza na kumnunulia soda. Gharama ya soda hiyo naidai pia.

3. Ugonjwa umeenea timu nzima. Nimechunguza chanzo chake na inanisikitisha kukuarifu kwamba ni huko huko kubana matumizi. Ulipotunyima viunzi vya kuruka, fundi seremala wa karakana alituundia vya mbao za madawati. Viunzi vya wenzetu ukivigonga vinaanguka. Vyetu ukivigonga unaanguka wewe. Vijana waligonga mara moja moja, wakajifunza kupaa. Mtupa tufe wetu, Tani, hufanya mazoezi kwa jiwe aliloliokota nyuma ya stoo. Siku ya mashindano akipewa tufe halisi huuliza kama ni la watoto. Wapokezana vijiti hutumia mguu wa meza. Uwanja nao mmeukodisha kwa wenye mahema ya sherehe, basi wakimbiaji hujifua kwa kukwepa kamba, na kona ya kawaida haiwatishi tena.

4. Sauti yangu imekauka kwa kushangilia, kazi isiyomo kwenye mkataba wangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ukweli ndio huo: kila unachotunyima kinaturudia kikiwa medali, na kila medali ni safari nyingine. Vyuo vyenye fedha vina viunzi vyepesi, mabasi na hoteli, navyo hutolewa kwa utulivu na kurudi mapema. Nasi tunaomba nafasi hiyo. Tupatie viunzi vinavyoanguka, tufe la uzito wa halali, uwanja usio na kamba, na basi la kuwapeleka wanariadha mazoezini ili waache kwenda mbio. Tukiyapata yote hayo, nakuhakikishia kwamba mwakani tutakuwa wa mwisho na hutasikia habari zetu tena.

Ikiwa hayawezekani, basi naomba kibali cha maandishi, chenye sahihi yako na mhuri, nikamsomee yule binti kwamba chuo chake hakiumudu ushindi wake. Kumwambia kwa mdomo nimejaribu, nikaishia kuuliza habari za masomo.

Nisalimie Makamu Mkuu wa Chuo, nisalimie katibu wako anayenipa chai kila ninapokungoja bila kukuona, na walinzi wa getini wote. Mke wangu anakusalimu, anasema siku hizi nikisinzia natamka "ongeza mwendo".

Ni mimi mtumishi wako, mbana matumizi aliyezidiwa,
Mkuu wa Idara ya Michezo na Riadha

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mtunza stoo amekuja mbio kuniarifu kwamba umeshatununulia viunzi vipya, vyepesi kama karatasi. Ahsante sana. Nimemwomba avifungie na ufunguo akae nao mwenyewe, na asimwambie mwanariadha yeyote mpaka fainali ipite. Safari yenyewe wapishi wa jikoni wamekwisha kuichangia bila kuombwa. Kibiriti nimemwambia asahau yote niliyomfundisha kuhusu nafasi ya nne. Tunaondoka Ijumaa asubuhi, na kuna nafasi moja mbele kando ya dereva. Ukija, tafadhali usivae tai, maana tutapiga kelele sana.