Gesi ya Mabibo

Jumamosi, 2 Novemba

Nimehamia! Hatimaye mimi Mikidadi ni mwenye nyumba, tena Ruangwa, si mpangaji wa vyumba viwili kule Nachingwea nyuma ya mashine ya kusaga. Bati jipya. Sakafu ya saruji. Ua wa matete. Kasoro moja tu: mke hayumo.

Zuena yuko Lionja kwa mama yake, yeye na mtoto wetu Samia. Amesema hatii mguu hapa mpaka kuwe na jiko lisilo na moshi. Masika yaliyopita alikohoa mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama tuna mgonjwa. Daktari akamwambia moshi wa kuni basi. Namwonea huruma sana. Na nyumba bila yeye haina raha. Nikipiga chafya sebuleni, chumbani kunaitika.

Shemeji yangu Amiri, kaka yake Zuena, ametuma zawadi ya nyumba mpya kutoka Mtwara: mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Mtu mwingine angeuwasha, akapiga simu Lionja, mambo yakaisha. Mimi sina akili fupi hivyo. Mtungi ukiisha lazima ukajazwe, na ukijazwa utaisha tena. Huo ni utumwa. Redioni (mimi ni fundi redio, nasikia mengi) wamesema taka zinatoa gesi ya kupikia. Taka! Na mwezi huu Ruangwa nzima inakanyaga mabibo. Watu wananyofoa korosho, bibo linabaki kuoza chini ya mkorosho, hakuna mwenye habari nalo. Nimekaa kimya. Wazo kama hili halitangazwi.

Jumapili, 3 Novemba

Jirani yangu anaitwa Ismaily. Simpendi. Ana sola juu ya bati, ana tangi la maji ya mvua, na ana tabia ya kuniwahi kwa salamu. Ana pia shamba la mikorosho Matambarale, na mapipa mawili ya plastiki yenye vifuniko vya kubana.

Nimemwendea kwa ujanja mkubwa. Nimelalamika kwamba mtungi wa gesi unanibana, unakula nafasi. Nikasema naweza kumwachia, mtungi na jiko lake, akinipa mapipa, kipande cha mpira wa maji, na ruhusa ya kuzoa mabibo yake yote. Akanitazama. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Mkewe Faudhia akamkanyaga mguu asiulize mara ya tatu.

Nimempiga bao mchana kweupe. Karibu nimwonee huruma.

Jioni Zuena alipiga simu kuuliza kama zawadi ya kaka yake imefika. Nilimwambia gesi ipo. Sikusema uongo. Gesi ipo, haijatoka tu.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimezoa mabibo kutwa. Mgongo umekwisha. Mikono inanata, nzi wamenifanya ndugu yao. Nimeyaponda, nimeyajaza mapipani na maji, nimebana vifuniko, nimetoboa kimoja na kupitisha mpira, nimeziba kwa udongo. Mapipa nimeyaweka juani, katikati ya ua.

Rangi ya madirisha ilibaki kidogo, ya kijani, inafaa kabisa. Nimeandika kibao cha kuweka njiani: NYUMBA YA MAZINGIRA SAFI, KARIBUNI NYOTE MJIFUNZE. Ubao uliisha kabla ya neno la mwisho. Si kitu. Anayetaka kujifunza ataelewa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mapipa yanaongea! Yanachemka bila moto. Harufu kali, tamutamu, imefika barabarani.

Alfred, mwashi aliyenimwagia sakafu, alikuwa anapita. Akasimama. Akavuta pumzi ndefu. Akakisoma kibao, akaniuliza kwa adabu kama imeiva. Nimemwambia bado, aje Jumamosi, na akitaka alete wenzake. Akavua kofia. Sijawahi kuona mwashi mwenye kiu ya elimu namna ile.

Nimejaribu kuwasha. Nimesogeza kiberiti kwenye mdomo wa mpira. Gesi imekizima. Cha pili, imekizima pia. Ina nguvu kiasi kwamba inazima moto! Gesi ya Amiri haijawahi kufanya hivyo. Alfred akasema taratibu kwamba hiyo huwa haiwashwi. Nimemsamehe. Ni mwashi.

Ijumaa, 8 Novemba

Msikitini leo nimepata nafasi kubwa kushoto na kulia. Watu wamejisogeza wenyewe. Heshima huanza hivyo.

Baada ya swala Ismaily amenivuta pembeni. Akauliza kwa sauti ya chini kama najua bibo likikaa na maji huwa kitu gani. Nikamjibu najua vizuri kabisa, na yeye atajua siku yake ikifika. Akashusha pumzi. Wivu unamtafuna, maskini.

Jumamosi, 9 Novemba

Somo la kwanza limefana. Alfred kaja na wanaume wanne, na kila mmoja ana kikombe chake. Hakuna hata kimoja cha plastiki ya kutupa! Nimewasifu kwa hilo mbele ya wote. Nimewaeleza habari za misitu, moshi na vifua vya wake zetu. Walisikiliza macho yakiwa kwenye mpira.

Wakaomba kuonja, kwa ajili ya utafiti. Sikuona sababu ya kuwanyima. Mimi mwenyewe sikuonja. Mtaalamu hali kazi yake. Alfred alifumba macho, akasema kazi hii ina mkono wa mtu. Ilipofika alasiri walikuwa wanaimba, na mmoja amekumbatia nguzo ya kibaraza akiiita mjomba. Mazingira yakiingia moyoni ndivyo yanavyofanya.

Bi Hajra, mwenyekiti wa mtaa, naye kapita. Akauliza kama nina kibali. Nikamwambia jambo la heri halina kibali. Akauliza nafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi. Nikasema hapa hapafungwi, hapa ni pa wote. Ameondoka akikisoma tena kibao. Nahisi ananifikiria kwa ajili ya zawadi ya mtaa.

Jumapili, 10 Novemba

Zuena amepiga simu. Wanakuja Jumanne, yeye, Samia na mama mkwe, Bi Tunu, kuiangalia nyumba. Akipenda jiko anabaki. Asipolipenda anarudi Lionja, na safari hii sauti yake haikuwa ya kutania. Alikohoa mara mbili katikati ya maneno. Huko kwa mama yake nako wanapikia kuni.

Namtaka arudi. Nimeandika, basi. Namtaka yeye, namtaka Samia na kelele zake, nimechoka kula mihogo ya kuchoma nimesimama.

Kwa hiyo nimefunga mdomo wa mpira kwa waya, nimekaza sana. Gesi ijikusanye yote kwa ajili ya Jumanne. Pia wanafunzi walikuwa wanaimaliza.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa nje. Ndani siruhusiwi.

Wamefika kabla ya adhuhuri. Bi Tunu kavaa nguo zake nzuri, kanga mpya na ushungi mweupe. Kwa kweli kibao kilimshangaza. Aliyemshangaza zaidi ni Alfred, aliyekuwa amejilaza kwenye benchi langu na kikombe kifuani. Nikamtambulisha kama mwanafunzi. Zuena akaniuliza jiko liko wapi. Nikasema subiri.

Nimewaweka mbele ya mapipa, nimeanza kueleza. Sasa, mkwe hatazamwi usoni, kila mtu wa huku anajua. Mimi nina adabu zangu. Nikatazama pipa, nikalihutubia lenyewe. Nikasema kwenye mkorosho hakuna cha kutupa: bibo ni gesi, na hata maganda ya korosho ni moto wa bure. Bi Tunu akadakia. Akasema vidole vyake vilibabuka kwa mafuta ya maganda hayo tangu yuko msichana wa kubangua, na korosho walizikaanga mbali na nyumba kwa sababu moshi wake unawasha macho na kukaba kifua. Akaendelea kueleza. Sikumsikiliza mpaka mwisho, nilikuwa nafungua waya.

Kwa vile sikumtazama, sikuona kwamba ameinama kunusa kifuniko.

Pipa limepasuka kwa kishindo. Kifuniko kikapita juu ya ua na kuangukia kwa Ismaily. Povu lote, na mabibo yake, limemwangukia mama mkwe kuanzia ushungini mpaka kwenye viatu. Akasimama ananuka kilabu kizima. Bi Tunu, ambaye hajawahi kugusa kitu kile maisha yake yote! Akasema neno la Kimwera ambalo sitaliandika. Alfred kutoka benchini akasema, "Pole mama, lakini uraka wa nguvu huo."

Uraka. Pombe ya mabibo. Kumbe ndivyo walivyokuwa wanadhani! Watu wana mawazo machafu.

Faudhia akaja mbio kutoka jirani. Alimletea Bi Tunu maji ya moto na chai, na kwa moyo mweupe akamshukuru Zuena kwa mtungi ule wa gesi, akasema maji yamechemka sasa hivi tu. Zuena akauliza mtungi gani. Faudhia akaeleza.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Ugomvi ninauweza. Lakini Zuena hakugomba. Aliketi kizingitini, akamweka Samia mapajani, akaniambia, "Baba Samia, mimi nilitaka kuja kwangu tu." Akalia. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumatano, 13 Novemba

Bi Tunu hawezi kusafiri. Kanga zimefuliwa mara mbili, harufu haijatoka, naye amesema hapandi gari na harufu hiyo, heri afie hapa. Kwa hiyo wamelala. Wote watatu, chini ya bati langu. Naomba izingatiwe nani amewalaza.

Bi Hajra amekuja asubuhi. Mapipa yamemwagwa, kibao kimeng'olewa, nimeonywa mbele ya watu. Zawadi ya mtaa nadhani itachelewa.

Nimekwenda kwa Ismaily kudai mtungi, nikampa hoja kwamba mapipa yake yalikuwa mabovu. Faudhia amenijibu kupitia dirishani kwamba ana maharage jikoni.

Nimerudi nimemkuta mama mkwe kajifunga kanga ya mwanawe, ana jembe, anabomoa kichuguu nyuma ya choo. Yeye na Zuena wanakanda udongo. Wamesema ni jiko banifu, vijiti vichache, moshi unatoka nje kwa bomba. Walifundishwa na kikundi cha kina mama Lionja, ila mama mkwe jikoni kwake alikuwa hajataka kubomoa mafiga aliyowekewa na marehemu mumewe. Alfred kaona haya, kaleta kipande cha bomba na kuutoboa ukuta. Nilitoa ushauri mwingi. Nikaombwa nikatengeneze redio.

Jumatatu, 18 Novemba

Udongo umekauka. Leo wamewasha. Moshi ulipita kwenye bomba, ukaenda zake juu ya paa. Zuena alisimama jikoni pale pale, mlango umefungwa, akapika ugali na kisamvu mpaka mwisho, hakukohoa. Akatoka jasho linamtiririka, anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Akasema anabaki.

Nilikwenda nyuma ya choo, nikafuta macho. Vumbi la kichuguu.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama mkwe ameondoka leo, kanga zake zimekubali kuachia harufu. Zuena na Samia wamemsindikiza, watalala Nachingwea kwa ndugu, watarudi kesho jioni. Zuena ameniachia agizo moja tu: nisiliguse jiko. Alilirudia mlangoni na tena akiwa kwenye pikipiki. Siku hizi analala usingizi mzito, kifua kimya, na mimi nalala macho nikimsikiliza anavyopumua vizuri.

Nimetafakari yote yaliyotokea kwa uaminifu. Jambo liko wazi. Kama si mapipa yangu, Bi Tunu asingelowa. Asingelowa, asingelala. Asingelala, jiko lisingejengwa. Mpango ulikuwa sahihi, ila ulipita njia ndefu. Zuena nilipomweleza hivi alinitazama sana, akaendelea kuchambua mboga. Amekubali.

Lakini jiko lina kasoro moja ambayo wanawake hawakuiona. Linakula vijiti, na vijiti lazima mtu akavitafute. Mke wangu, na kifua kile, aende porini? Mimi nikiwa hai?

Leo kikundi cha kina mama wanaobangua korosho karibu na sokoni kilikuwa kinatupa viroba na viroba vya maganda. Makavu. Yana mafuta, yanashika moto ukiyatazama tu! Ismaily alikuwa hapo. Aliniuliza kama nina hakika. Nikabeba kiroba cha kwanza. Nimekuwa nikimwonea huruma muda mrefu mno.

Jiko sijaligusa. Nimelijaza tu, mpaka juu, nikafunika kwa vijiti viwili vitatu ili Zuena asijue. Na bomba, kwa kuwa nililiona linapoteza joto lote nje, nimeliziba kwa matambara.

Kesho jioni ataingia, atafunga mlango, atawasha kiberiti. Nitakaa hapa kibarazani nimsikilize.